Gari la Wenyewe Wawili

Nimeishi na Wapare muda mrefu. Nimeoa kwao, nimegombana nao, nimekula makande yao mpaka nikayapenda, kwa hiyo nikiwasema nisihesabiwe mgeni. Watu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nilidhani huo ni utani wa vijiweni tu, mpaka siku lori la mchanga lilipoingia gereji kwangu hapa Same likiwa limebeba Pijo 404 ya marehemu Mzee Anaeli wa Bombo.

Mimi naitwa Chande, fundi wa bodi. Nasema fundi wa bodi, si fundi wa puti. Siku hizi kijana akiona tundu la kutu anashindilia puti, anapiga msasa, anapaka rangi, mwenye gari anaondoka anachekelea, na mvua ikinyesha puti inadondoka barabarani kama ugali usioiva. Mimi nikikuta kutu nakata. Nakata mpaka nifike kwenye bati zima, halafu nakunja bati jipya kwa nyundo na kulichomelea pale pale. Kwa sababu hiyo vijana wa gereji ya jirani wananiita mkoloni, na mimi nina majina yangu ya kuwaita wao.

Ile Pijo ilikuwa bado nzuri kwa juu. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imeshikilia paani na kwenye boneti, na ukisimama mbali ungeweza kudhani inangoja dereva tu. Huko chini ndiko kulikokuwa na balaa. Magari ya milimani huliwa kuanzia chini. Tope la barabara za huko juu linaingia ndani ya zile boriti mbili zinazopita chini ya milango, linakaa humo na unyevu wa ukungu, bati linaoza taratibu na mwenyewe hana habari. Nilichoma boriti ya kulia kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nikazunguka kushoto, ikazama vilevile. Madigadi yalikuwa yametoboka, na milango kwa chini ilikuwa imebaki nyuzi nyuzi.

Aliyekuja na lori ni binti wa marehemu, Evaline, mama mtu mzima mwenye khanga iliyofungwa vizuri na uso wa mtu ambaye ameshaamua. Tulisalimiana, akakataa kiti, akaniambia anataka nibadilishe mabati yote yaliyooza upande wa kulia. Nikamuuliza, na wa kushoto je?

"Wa kushoto si wangu," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo ikabidi nikae mimi kwenye kile kiti nielezwe.

Mzee Anaeli aliacha watoto wawili: huyu Evaline, aliyekuwa akimuuguza pale Bombo, na kaka yake Method, mkulima wa mpunga huko Kihurio. Mashamba yaligawanywa bila neno, ng'ombe vilevile. Ilipofika zamu ya gari ndipo moto ulipowaka. Method alisema gari la baba ni la mtoto wa kiume. Evaline akasema gari ni la aliyemlaza na kumwamsha baba. Kikao kiliendelea mpaka wazee wakachoka, na mwenyekiti wa ukoo, ambaye alikuwa na njaa yake, akasema kwa kebehi: basi likateni katikati, Method kushoto, Evaline kulia, twendeni tukale. Alidhani wataona haya na kupatana. Wao wakasimama, wakamshukuru kwa hekima yake, wakakubali.

Unajua kwa nini walikubali? Kwa sababu kwa hukumu ile hakuna aliyeshindwa. Huyo ndiye Mpare.

Tangu siku hiyo gari halikutembea. Evaline alikuwa na usukani, lakini kuliendesha ilikuwa ni kuiba nusu ya mwenzake. Lilikaa kando ya nyumba, kuku wakawa wanatagia kiti cha nyuma. Cha upande gani sikuuliza. Na kaka na dada hawakusemeshana tena. Wakikutana msibani, mmoja akikaa mashariki, mwingine anakaa magharibi.

Nikamuuliza kwa nini sasa. Akatazama pembeni, na ile sauti ya kesi ikamwisha. Binti yake Brightness alikuwa anaolewa. Baba yake Brightness alishafariki, na Evaline alitaka mtoto aende kanisani kwa gari la babu yake. Nikamwambia hilo ni jambo jema, na nani atamtoa binti bwana harusi akifika? Nilijua jibu hata kabla sijamaliza kuuliza, maana mke wangu alinifundisha. Hapa Upareni binti hatoki nyumbani bila mjomba. Mjomba ndiye anayeweka baraka, na binti asiyebarikiwa na mjomba ni kama ametokea mlango wa uani.

"Mjomba wake yupo," akasema Evaline. "Kama atakuja, atakuja."

Hapo nikaelewa. Mama huyu hakuhitaji mabati, alihitaji kaka yake. Lakini kumwita mtu ambaye hamsemeshani ni kukubali kwamba wewe ndiye uliyeshindwa, na yeye hakuzaliwa kwa watu wa kushindwa. Nilimhurumia sana, na huruma ikinishika mimi hukasirika. Nikamwambia kwa ukali kwamba gari si mkate. Zile boriti mbili ndizo uti wa mgongo wa Pijo. Nikikata ya kulia na kuiacha ya kushoto imeoza, bodi italala, milango haitafunga tena maisha, na yeye atakuwa na nusu mpya ya gari bovu. Ama wenyewe wote wawili wakubali, ama alirudishe Bombo kwa kuku.

Akakaza fundo la khanga. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba namba ya kaka yake anayo, ila yeye simu yake haina chaji.

Simu ile nilikuwa nimeiona inawaka mkononi mwake. Nikachukua yangu.

Method alifika kesho yake kwa basi la asubuhi, mzee mrefu mkavu, miguu ya mtu wa majaruba ya mpunga, amevaa koti la suti. Nikampa shikamoo, akaipokea huku macho yake yakiwa kwenye gari. Alikuwa amekuja na kesi: nusu yake imesafirishwa kutoka Bombo hadi Same bila idhini yake. Alinitaka nimuulize mwanamke yule ni sheria gani inaruhusu hivyo. Mwanamke yule alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti, anasikia kila neno. Akaniambia nimjibu yule bwana kwamba aliomba lori lipakie nusu ya kulia tu, dereva akashindwa.

Nilipeleka ujumbe kutoka kulia kwenda kushoto na kutoka kushoto kurudi kulia mpaka koo likakauka. Mwishowe nikamweleza Method kama nilivyomweleza dada yake, nikaongeza la kwangu. Nilimwambia nikitengeneza nusu ya kulia peke yake, watu watakaopita hapa wataona upande mmoja unang'aa, na upande wa mtoto wa kiume unaning'inia. Alitafakari. Akasema basi na ya kwake itengenezwe, na iwe bora kuliko ile nyingine.

Kazi ilianza. Nawaambia, sijawahi kufanya kazi ya namna ile na siombi nyingine. Evaline alifikia kwa shoga yake hapa mjini, Method kwa mtu wa kwao, na kila asubuhi walikuja kulinda, kila mmoja na kigoda chake, kila mmoja upande wake. Ijumaa mchana mimi nikaenda msikitini. Jua lilipozama Evaline, ambaye ni Msabato, akasema nusu yake imeingia Sabato, na Jumamosi yote sikuruhusiwa kuigusa. Jumapili Method, ambaye alioa kwa Walutheri akaambatana na mkewe, akasema nusu yake imekwenda ibadani. Idrisa, mwenzangu wa weldi, aliniuliza kama hili gari lina roho. Nikamwambia roho sijui, dini linazo mbili.

Lakini kuna mambo niliyaona. Evaline alikuja na makande kwenye hotipoti, yenye maziwa na karanga, akawa anapakua mabakuli mawili. Moja alisema ni la fundi anayefanya kazi kulia, la pili la fundi anayefanya kazi kushoto. Mafundi wote wawili nilikuwa mimi. Nilikula la kwanza, la pili nikalipeleka kwenye kigoda cha Method bila kusema kitu. Akalitazama. Akala polepole hadi mwisho, akafuta bakuli kwa kidole kama mtoto, halafu akaniambia chumvi imepungua. Nilipeleka ujumbe huo kulia, na kesho yake chumvi ilikuwa imeongezwa.

Na kuna siku nilimkuta Method ameinama, ameingiza mkono ndani ya mlango wa nyuma, anapapasa bati kwa ndani. Aliponiona akasimama haraka, akasema anakagua kutu. Hakukuwa na kutu pale. Kulikuwa na mikwaruzo tu ya zamani, ya misumari au ya vijiti, michoro ya watoto waliokaa nyuma safari ndefu wakachoka. Sikumuuliza. Nilipokata mlango ule kwa chini nilihakikisha grenda haifiki pale.

Tulibadilisha madigadi, tukaweka bati jipya chini ya milango, tukatayarisha zile boriti mbili mpya. Nilizikunja mwenyewe kwa nyundo juu ya reli ya zamani, na ingawa si vizuri mtu kujisifu, zilikuwa nzuri. Zilibaki kuwekwa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukishakata boriti kuukuu, bodi inakaa juu ya jeki na mabomba ya kuishikilia, haina sakafu, haina tumbo, na kila nguzo ya mlango inataka kwenda kwake. Huwezi kuchomelea upande mmoja ukamaliza ndipo uje mwingine, moto utavuta bodi ipinde. Unachoma kidogo kulia, kidogo kushoto, unarudi kulia. Na wakati wote huo lazima mtu ashike nguzo ya kulia na mtu ashike ya kushoto, wazikaze kwenye mstari, wasiachie.

Asubuhi ile Idrisa akapigiwa simu kuna msiba kwao Hedaru, akaondoka. Vijana wa jirani nilikuwa nimegombana nao wiki ile kwa ajili ya waya wa umeme, na mimi siyo mtu wa kurudi mlangoni pa kijana. Nikawatazama wale wawili kwenye vigoda vyao.

Niliwaambia kila mtu ashike mali yake.

Waliingia ndani ya lile ganda la gari, mmoja mlango wa kulia, mmoja wa kushoto, wakasimama juu ya ardhi yangu mahali ambapo sakafu ilitakiwa kuwepo. Nikawapa glovu. Barakoa ya kuchomelea ninayo moja, na mwali wa weldi hauna mchezo na macho, ukiuangalia unalala umejaza mchanga machoni. Evaline nikamwambia ajifunike uso wote kwa khanga. Method nikamfunika kichwa kwa koti langu la kazi. Nikawaonya wasifunue mpaka niseme nimemaliza. Wakabaki wamesimama hivyo, wamefunikwa, mikono imeshika nguzo, nafasi iliyowatenga ni upana wa kiti kimoja.

Nikaanza kuchoma. Kulia kidogo, kushoto kidogo. Kila nilipotulia kubadilisha waya wa kuchomelea nilisikia pumzi zao.

Method ndiye aliyeanza. Sijui kama angeanza akiwa anauona uso wa dada yake. Aliuliza Brightness anaolewa na watu wa wapi, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza mimi.

"Wa Ugweno," Evaline akasema.

"Watu wazuri?"

"Wanaongea sana. Lakini wazuri."

Nikachoma kulia. Nilipozunguka kwenda kushoto nikasikia Method anasema jambo lingine, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo kuliko yeye.

"Eva, kwa nini hukuniita baba alipokuwa anakufa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba gari halikuwahi kuwa kesi. Kesi ilikuwa hiyo. Mtu huyu, kama nilivyokuja kuelezwa, alikuwa amefika Bombo miguu ikiwa na tope la majaruba, akakuta baba ameshafunikwa, na tangu siku hiyo anaamini dada yake alimficha baba yake. Nusu ya gari alipigania kwa sababu baba mwenyewe hakumpata.

Khanga iliingia na kutoka mdomoni mwa Evaline.

"Baba alikataa," akasema.

"Usimsingizie marehemu."

"Alikataa, kaka. Nilishika simu mara ngapi, akaniambia weka chini. Alisema Method ana zamu ya maji keshokutwa. Ukimwita atakuja, namjua, atakuja hata kwa miguu, na maji yatampita, na watoto wake watakula nini mwaka mzima. Mwache amwagilie kwanza. Mimi nitamsubiri." Akaikaza nguzo. "Ndivyo alivyosema, nitamsubiri. Alidhani anaweza."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya miguu ya Method, barakoa usoni, na nikashukuru Mungu kwa barakoa ile. Nilichoma mahali palipobaki upande wa Method. Weldi ilishika.

Watu wa Kihurio wanajua maana ya zamu ya maji. Mfereji haumsubiri mtu, na mpunga uliokosa maji wakati wake hauponi. Baba yule alikuwa amekaa kitandani anakufa huku anahesabu maji ya shamba la mwanawe.

"Mbona hukuniambia?" Method akasema. "Miaka yote hii umeniacha nakutukana."

"Ningekuambia, ungepanda tena mpunga pale?"

Koti langu lilikuwa linatikisika juu ya kichwa cha Method.

"Ungeweza kulitazama tena lile jaruba?" Evaline akasema. "Nikaona heri unichukie mimi. Mimi niko mbali, huko juu. Shamba unaamka nalo kila siku."

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana na nimesikia mengi, maana watu husema ovyo mbele ya fundi wakidhani masikio yake yameharibiwa na nyundo. Sijasikia neno kama lile. Mwanamke amebeba chuki ya kaka yake mgongoni muda wote huo ili yule kaka aweze kulima. Na mimi nilikuwa nimemcheka siku ya kwanza.

"Ningeyaacha yale maji yapite," Method akasema.

"Najua. Ndiyo maana alikataa."

Nilizunguka kulia nikaweka weldi ya mwisho. Boriti zote mbili zilikuwa zimeshika. Nilizigusa moja moja, nikapima mstari wa milango kwa uzi, ukanyooka. Nikazima mashine. Kazi ilikuwa imekwisha, na kwa taratibu za gereji yangu fundi akimaliza husema amemaliza.

"Kaka," Evaline akasema ndani ya khanga. "Mwanao anaolewa. Sina mwingine wa kumshika mkono."

"Nani alikuambia siji? Nilikuwa nangoja niitwe."

"Haya, nimekuita."

"Basi nimekuja," akasema Method, na sasa alikuwa analia waziwazi, na Evaline naye, wote wawili wamesimama katikati ya gari lisilo na sakafu, uso umefunikwa, mikono bado imeng'ang'ania nguzo kana kwamba wakiachia Pijo ya baba yao itaanguka. Walianza kusemezana kwa Kipare, haraka haraka, maneno ya utotoni ambayo mke wangu angeyaelewa kuliko mimi. Nilishika moja moja tu: jina la baba, jina la mtoto, na kitu kuhusu mbuzi ambacho kiliwafanya wacheke katikati ya machozi.

Nikaokota nyundo ndogo, nikapiga magoti tena, nikaanza kugongagonga boriti iliyokwisha poa ili wasikie kwamba fundi yuko kazini.

"Fundi," Method aliita kutoka chini ya koti. "Bado?"

"Bado," nikasema. "Msiachie."